Mkubwa wa Malaika

Chumba cha Sindano hakikuwahi kukaa kitupu. Ukipita asubuhi utamkuta mama mmoja anasubiri zipu ibadilishwe. Ukipita mchana utawakuta wengine watatu ambao hawakuleta nguo yoyote, wameleta maneno tu. Mwenyewe alikaa nyuma ya cherehani, mguu kwenye pedali, pini zimebanwa mdomoni, na mdomo huohuo bado ukapata upenyo wa kumsema mtu. Jina la Sindano hakulipata kwa sababu ya kushona.

Siku mke wa mchungaji alipokuja na jora zima la kitambaa cheupe, ndani alikuwemo msusi wa kibanda cha jirani, aliyekuwa hana wateja, na mke wa fundi viatu, aliyekuwa na wateja lakini akawaachia mumewe. Walikuwa katikati ya kicheko. Walipoona nani anaingia nyuma ya Mama Mchungaji, kicheko kikawapalia, kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama ukutani.

Aliyeingia alikuwa mwalimu wa watoto wa kanisani, kijana mwembamba, vifungo vya shati vimefungwa mpaka kooni, sauti ya chini kama anaongea na mgonjwa. Alikuwa amemposa binti mmoja wa kwaya akakataliwa, na habari ile ilipofika kwa Sindano haikutoka salama. "Mwacheni," Sindano alisema, "huyo keshafika mbinguni kabla yetu. Malaika si ndio hawaoi wala hawaolewi?" Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unamwita Haoi-Wala-Haolewi, mpaka watoto aliokuwa akiwafundisha sala.

"Jengo jipya limekwisha," Mama Mchungaji alieleza, "na siku ya kuliweka wakfu watoto wataigiza. Mbingu ilivyokuwa kabla ya mtu kuumbwa, kisha mtu, kisha dhambi, kisha wokovu. Kwako tunataka mabawa."

"Mabawa mnayapata," alisema Sindano. Kichwani alishaanza kuyakata. Vyuma vya miavuli mibovu vingekuwa mifupa, kitambaa juu yake, utepe wa kufungia mabegani. "Na wangu nimpime lini?"

"Chiriku ni mwanadamu."

"Najua ni mwanadamu, nilimzaa mwenyewe."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Mchungaji akasubiri kiishe. "Kwenye igizo, nina maana. Wanadamu wanavaa magunia, wanalala chini, wanalia dhambi zao. Malaika tumechukua watoto wa nyumba zenye ndoa."

Hapo msusi akainamisha kichwa. Sindano hakuwa na ndoa. Baba yake Chiriku alikuwa dereva wa malori, mwenye mke na watoto wake kwingine, na kwa Sindano alikuja pale barabara ilipomleta. Siku hizi barabara ilikuwa haimleti.

"Mama, nieleweshe, mimi sikusoma," Sindano alisema, akitoa pini mdomoni moja moja. "Malaika wana baba?"

"Hawana."

"Mama je?"

"Hawazaliwi. Wameumbwa."

"Na ndoa wanafunga?"

"Hapana."

"Sasa cheti cha ndoa cha nini kwa viumbe ambao ndoa hawaijui hata harufu yake? Si mtoto asiye na baba nyumbani ndiye wa kwanza kufaa?"

Msusi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Mchungaji hakutikisika. Alikuwa analainisha kitambaa kwa kiganja, polepole, kama anayempapasa mtoto alale.

"Malaika ni roho tupu, dada. Hawana damu. Damu ya mwanao kila mtu hapa anajua imetoka kitanda cha nani."

Sindano alianza kurudisha pini mdomoni. Chini ya meza ya kukatia, Chiriku alikuwa anaokota pini zilizoanguka kwa kipande cha sumaku. Sumaku ilisimama. Mtoto alikuwa darasa la tatu, na alipewa jina la ndege yule kwa sababu tangu aanze kusema hajanyamaza. Lakini siku ile alitoka chini ya meza bila neno, akaenda kukaa uani.

Kuanzia hapo Sindano alitaka jambo moja tu duniani: mwanawe avae mabawa mbele ya kanisa zima. Alishona usiku na mchana, akayatundika mabawa ukutani safu nzima, meupe, yamenyooka, na kila aliyeingia akasimama kuyatazama. Kisha akakataa kuyatoa. Mtu akitumwa na kanisa anaambiwa, "Yapo. Njooni na nafasi ya mwanangu, myachukue." Mke wa mchungaji alituma watu mpaka akachoka kutuma.

Mwisho akaja Mwalimu, peke yake. Aligusa ncha ya bawa moja.

"Kazi nzuri, dada. Nimempangia Chiriku upya. Atakuwa malaika."

"Na Mama Mchungaji?"

"Nimemweleza akakubali."

"Malaika wa kujazia safu?"

"Mkubwa wao," alisema Mwalimu. "Yule aliyependeza kuliko wote. Mshonee mabawa ya kwake peke yake, yazidi ya wengine. Nataka akiingia asiwepo wa kutazama kwingine."

"Na ana maneno ya kusema?"

"Kuliko wote."

Mtu mwingine angeuliza: mkubwa yupi, na mwisho wake nini? Mtoto yeyote wa kanisa lile angemweleza habari za malaika aliyependeza kuliko wote, alijiona nani na alifanywa nini. Lakini Sindano Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali panapofaa kuona nani kaja na nani, na mahubiri yalimfikia nusunusu. Mwanamke aliyejua mimba za mtaa kabla wenyewe hawajazijua, siku hiyo hakuuliza kitu. Alivimba kichwa hapohapo.

Mwalimu alifika mlangoni akageuka. "Lile jina mnaloniita. Ulilitunga wewe?"

"Utani tu, mwalimu wangu."

"Ni zuri," akasema kwa sauti yake ya wodini. "Watoto wanalipenda sana."

Mabawa ya Chiriku, Sindano aliyakata kwenye shela ya harusi. Ilikuwa shela yake mwenyewe, aliyoishona zamani akiwa na matumaini, ikakaa sandukuni mpaka ikaanza kuwa ya manjano. Aliiloweka, akaianika, ikarudi nyeupe. Mabawa ya wale wengine yalifungwa kwa utepe. Haya hakutaka yaning'inie, akayashona moja kwa moja kwenye mgongo wa gauni, mshono mara mbili, uzi wa kushonea mikoba.

Na kila aliyekuja alitangaziwa. Mke wa fundi viatu, ambaye kijana wake alibaki upande wa wanadamu nafasi za malaika zilipojaa, alileta vipimo vya gunia.

"Usihangaike na vipimo, shoga," Sindano alimwambia mbele ya watu. "Gunia halina saizi. Mwanao si wa kulala chini tu?"

Mke wa fundi viatu akakunja karatasi yake. "Hata kulala chini ni kazi, dada."

"Ni kazi, ndiyo. Ila haihitaji fundi."

Chumba kikalipuka. Chiriku alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono imetanuliwa, mama yake akimpima kwapa.

"Mama, malaika akikosa anasamehewa?"

"Malaika hakosi."

"Na akikosa?"

"Basi huyo si malaika. Nyoosha mkono."

"Mwalimu amesema mtu akikosa anatubu. Malaika hawezi, kwa sababu yeye alikuwa juu na anaona kila kitu, hakudanganywa na mtu. Akianguka ndiyo basi. Hakuna aliyekufa kwa ajili yake."

"Jamani, mtoto keshakuwa mchungaji huyu," alisema msusi.

"Mama, mimi nataka kuwa mwanadamu."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Hilo nalo la kuomba?" Sindano alisema, akifuta machozi. "Sisi wote humu tumepewa bure na tumechoka nalo." Akamgonga mtoto kichwani kidogo na utepe wa kupimia. "Ukifika huko juu utuombee sisi wa gunia."

Chiriku alishuka kwenye kigoda. Kuanzia siku ile akawa anarudi kutoka mazoezini kimya, anakula kimya, analala kimya. Sindano aliwaambia watu mtoto anatunza sauti.

Aliwaalika wote. Alimwalika dada yake mkubwa, aliwaalika wateja, na kwa mara ya kwanza akampelekea mwaliko dada wa yule dereva wa malori. Mwanamke yule hakuwahi kumwita Sindano wifi. Alimwita "yule fundi," na mtoto alimwita "huyo wa huko." Akaja, amejipulizia manukato ya kutosha benchi zima, akakaa karibu na Sindano, mkoba kati yao.

"Haya, tuone," alisema.

Igizo likaanza. Mwalimu alisimama pembeni na kipaza sauti, akasoma habari za mbingu kabla ya mtu. Malaika wakaingia wawiliwawili, watoto wa nyumba zenye ndoa, mabawa yakitikisika. Kisha pakawa na nafasi, na Chiriku akaingia peke yake. Kanisa likashusha pumzi kwa pamoja. Mabawa yalianza juu ya masikio yakaishia visiginoni, na taa zikapita ndani yake. Sindano aliusikia mnong'ono ukitembea benchi kwa benchi, nani kashona, nani kashona, na akamtazama wifi kwa pembe ya jicho. Wifi alikuwa ameondoa mkoba.

"Nitapanda juu kuliko wote," Chiriku alisema kwa sauti nyembamba. "Kiti changu kitakuwa juu. Sitamsujudia mtu."

Sindano bado alikuwa anatabasamu. Msusi, upande wa pili, alimshika goti akalibana.

"Ndipo kiburi kikaonekana ndani yake," Mwalimu alisoma. "Na waliobaki waaminifu wakamvua utukufu wake, wakamtupa nje."

Malaika wakamshukia. Mazoezini walikuwa wamefundishwa kuvuta utepe, mabawa yadondoke. Lakini haya hayakuwa na utepe. Wakavuta, hayakuja. Wakavuta kwa nguvu, watoto kumi juu ya mmoja, na kwa kuwa watu wazima wanatazama wakaona aibu kushindwa, wakatia na miguu. Chuma kimoja kikachomoka kikamkwaruza Chiriku shingoni. Uzi wa mikoba haukukatika. Gauni ndilo lililokatika, kutoka kola mpaka kiunoni, na mtoto akasimama mbele ya kanisa zima mgongo wazi, ameshika kitambaa kifuani kwa mikono miwili. Watoto wa benchi la mbele wakaanza kucheka. Kicheko cha watoto kina tabia ya kuwaambukiza wakubwa.

"Ndiyo uliyoniitia nije kuona?" wifi alisema, na hakunong'ona. "Damu ya kaka yangu ndiyo ibilisi wenyewe?"

Vichwa vikageuka. Kulikuwa na nafasi ya kusimama hapo. Kulikuwa na njia katikati ya mabenchi, fupi tu, na kanga mabegani mwa Sindano ambayo ingetosha kufunika mgongo wa mtoto mara tatu. Lakini mtaa mzima ulikuwa unamtazama usikie atajibu nini, na Sindano hakuwa mtu wa kupigwa kijembe akakiacha kianguke chini.

"Mimi nilizaa malaika, wifi," alisema. "Mapembe kayatoa kwenu."

Benchi lao likacheka. Benchi la nyuma likauliza kasemaje, likaambiwa, likacheka. Maneno yakaenda mpaka mlangoni, yakamkuta Chiriku akiongozwa nje na mzee wa kanisa wa zamu, naye akasimama. Katika sauti zote zile aliijua ya mama yake. Akageuka. Sindano alikuwa bado mdomo wazi, meno yote nje, machozi ya kicheko machoni. Walitazamana hivyo. Kisha mzee wa zamu akamvuta mkono na mlango ukafungwa.

Igizo halikuishia hapo. Wanadamu walitoka na magunia yao, wakalala sakafuni, wakalia. Mwalimu akasoma kwamba Mwana hakuvaa mwili wa malaika, alivaa mwili wa mtu, mwili wa kuumwa na njaa na kufa, na kwa hiyo aliye na mwili ana wa kumtetea. Magunia yakavuliwa. Chini yake kulikuwa na kanzu nyeupe, ambazo mke wa mchungaji alizishonesha kwa fundi mwingine. Mchungaji mwenyewe akashuka madhabahuni, akambeba mtoto wa fundi viatu, akampandisha akaketi naye kwenye kiti kikubwa. Watu wazima wakalia. "Na walioanguka kutoka juu," Mwalimu akamalizia, akitazama benchi la Sindano, "hao hawana wa kuwarudisha."

Watu wakaitika amina.

Nje, kwenye msongamano wa ngazi, mke wa fundi viatu alimpita Sindano akimshika mwanawe mkono. "Kanzu imemkaa, dada," alisema. "Kumbe ana saizi."

Sindano alimkuta Mwalimu anakunja nyaya za kipaza sauti.

"Umemfanyia nini mwanangu?"

"Wewe ulitaka malaika," alisema Mwalimu bila kupandisha sauti. "Mimi nafasi ya kwanza nilimpa ya mwanadamu. Uliikataa mbele ya mashahidi."

"Ni mtoto mdogo."

"Na mimi ni mtu, dada. Nina mama yangu, na hilo jina lako limemfikia." Akainua nyaya begani. "Kama una la kusema juu yangu, sema. Wewe ndiye mwenye watu."

Chiriku hakuwepo kanisani wala uwanjani. Alikuwa nyumbani, kwenye ngazi ya mlango, gauni amelikunja mgongoni kwa ngumi moja. Wageni walikuwa wameshatangulia, maana walialikwa na sufuria zilikuwa jikoni tangu alfajiri. Walimpita kwa kuinua miguu, wakimwambia pole, wakaingia.

"Njoo ndani nikupake dawa shingoni," Sindano alisema.

"Siingii. Kuna watu."

"Lilikuwa igizo tu, mwanangu."

"Ulicheka."

"Nilikuwa namjibu shangazi yako."

"Ulisema nina mapembe."

"Nilisema wao ndio—"

Ndani kicheko kikapasuka. Msusi alikuwa anawahadithia ambao hawakufika. Aliiga sauti ya wifi, akaiga ya Sindano, akanyamaza kidogo palepale panapostahili kunyamaza kidogo, na neno mapembe likatoka zuri kuliko lilivyotoka kanisani. Sindano alisikiliza kama fundi anayesikiliza cherehani. Hakukuwa na kosa. Angeisimulia hivyohivyo.

Akaingia. "Tokeni."

Wakacheka.

"Nimesema tokeni. Wote. Chakula chukueni, sufuria mtarudisha."

"Huu nao utani mpya wa leo," alisema msusi, sahani mkononi.

"Wewe uwe wa kwanza."

Walitoka polepole, wakitazamana, wakiwa hawajui washike sura gani. Dada yake mkubwa alikuwa wa mwisho. "Unafukuza watu waliokula na wewe siku za shida," alisema. "Utabaki na nani?" Akajifunga kanga upya kiunoni, akampita mtoto kwenye ngazi, akaenda.

Vigoda vilikuwa vimegeukiana kama bado vinaongea. Sindano alisimama mlangoni.

"Wameondoka."

"Wote?"

"Wote. Njoo."

Chiriku alichungulia ndani, akatazama pembe zote, akatazama mpaka nyuma ya cherehani. Kisha akamtazama mama yake.

"Bado wewe."

Sindano alitaka kucheka, kwa mazoea. Mtoto hakuwa anatania. Alisubiri pale ngazini, ngumi mgongoni, bila haraka, kama mtu aliyefundishwa vizuri jinsi jambo hili linavyofanywa.

Mama akavuka kizingiti akatoka nje. Mtoto akainuka akaingia. Mlango ukafungwa, na komeo likasukumwa, kwanza nusu kwa sababu lilikuwa zito kwake, kisha lote.

"Chiriku. Nisamehe, mwanangu."

Alisikia kigoda kikiburutwa. Akasikia maji yakimiminwa kwenye bakuli, mtoto anajiosha shingo mwenyewe.

"Nimekosa. Nisikilize. Nilitaka wakuone, basi. Nilitaka wakuone."

Maji yakanyamaza. Sindano akagonga, kwanza kwa kidole, halafu kwa kiganja, halafu akaacha, akaketi kwenye ngazi. Barabarani watu walikuwa wanarudi kutoka kanisani kwa makundi, nguo zao nzuri, na wengi walizijua ngazi zile na wakapunguza mwendo. Mtu mmoja akauliza, "Sindano, vipi, mbona nje? Leo si kwako kuna shughuli?"

"Napunga upepo."

Wakasimama kidogo. Walisubiri aongeze neno, maana si kawaida yake kuishia hapo. Alipotazama chini tu, wakaagana naye, wakaondoka wakinong'ona kabla hawajafika kona, na Sindano akageuka akaanza tena kubisha.